Njuga Iliponyamaza

Kaka yangu aliuawa na nguruwe pori kandokando ya mashamba ya miwa, kaskazini ya Durban, mwaka 2012. Watu wetu wa mtaa wa Albert Park husema aliuawa na mbwa mbovu aliyepewa na mzungu. Shemeji yangu, mke wake, aliamini hivyo kwa miezi mingi kwa sababu hakuna aliyemwambia vingine. Mtu pekee aliyeweza kumwambia vingine ni mimi. Nilikuwa nimesimama hatua thelathini kutoka pale, na nilikuwa naona.

Shule niliacha darasa la sita. Naandika kama ninavyosema. Lakini jambo hili nimelisema lote kwa mdomo mara moja tu, na halikutoka vizuri, kwa hiyo nalijaribu tena hapa kwa kalamu.

Mtu hawezi kuelewa alivyokufa bila kwanza kuelewa mbwa.

Kwetu, mashariki ya Burundi, mbwa wa kuwinda ni mdogo, mwekundu, mkia umejikunja juu ya mgongo, na habweki. Anaweza kulia kama mtu anayefinywa, lakini kubweka hajui. Kwa sababu hiyo anavishwa njuga shingoni. Mnapotoka nyumbani mnaijaza njuga majani makavu ili isilie njiani. Mkifika porini mnayatoa majani, mnamwachia, na kuanzia hapo mnawinda kwa masikio. Njuga ikilia haraka na kwenda mbali, mbwa anafukuza. Ikilia kwa kukatika-katika mahali pamoja, amemshika mnyama na wanavutana. Hapo mnakimbia na mikuki. Ikinyamaza, basi. Harufu imempotea na amesimama anakungoja, au amelala kwa kiu, au amekufa. Njuga ikinyamaza unateremsha mkuki na kwenda kumchukua mbwa wako.

Kaka alijua hayo tangu utoto wake. Baba alianza kumchukua porini mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nilipofika umri wa kwenda na mimi, vita vilikuwa vimemaliza mbwa na wawindaji, na porini hatukwenda tena ila kujificha. Kwa hiyo mambo ya njuga nilisimuliwa tu, na aliyenisimulia ni yeye. Alinizidi miaka kumi na moja. Karibu kila ninachojua nilijifunza kwake: kunyoa ndevu, kufunga mzigo usifunguke, kumjibu askari wa mpakani bila kumtazama sana machoni. Mipaka mitatu tulivuka yeye akiwa mbele.

Tulifika Durban mwaka 2008. Yeye akapata kazi ya ulinzi katika yadi ya mbao karibu na bandari. Mimi nilihangaika karibu mwaka mzima, kisha mtu wa kanisani akanipeleka Morningside, mtaa wa matajiri, kwa mzee mmoja mzungu aliyetaka mfanyakazi. Aliniuliza kama naogopa mbwa. Nikasema hapana. Nilikuwa naogopa.

Alikuwa na mbwa sita, wote wa aina inayoitwa pointa. Warefu, weupe wenye madoa ya rangi ya maini, masikio laini, ngozi nyembamba mpaka mbavu unazihesabu. Si njaa, ndivyo walivyo. Kila mmoja alikuwa na chumba chake chenye sakafu ya saruji na kitanda cha mbao kilichoinuliwa. Nilifua mablanketi yao, nikapima chakula chao kwa kikombe, nikawakagua nyayo kila jioni. Baada ya wiki tatu woga ulikwisha. Ni wanyama wapole kupita kiasi. Ukiwakemea wanageuza uso pembeni kama watu walioaibika.

Mbwa hao hawakuwa wa kuwinda. Walikuwa wa mashindano. Wakati wa baridi tuliwapakia kwenye trela, tukapanda nao bara kwenye nyasi ndefu zilizokauka, ambako kulikuwa na wazungu wengine wenye mbwa kama hao. Siku ya kwanza nilingojea nyama mpaka saa nane. Niliona mbwa wawili wakiachiwa, wakakimbia kwenda na kurudi, upepo ukiwapiga usoni, mmoja kushoto, mwingine kulia, kwa uzuri ambao sijui kuueleza. Halafu mmoja akasimama ghafla kama kitu kilichokatiwa umeme. Mguu mmoja wa mbele umekunjwa hewani, mkia umenyooka, pua mbele. Yule mwenzake alipomwona, naye akasimama kule kule alikokuwa, maana kumwibia mwenzako ndege aliowapata yeye ni kosa. Mwenye mbwa akatembea polepole, akampita mbwa wake, akapiga nyasi kwa mguu. Kwale wanne wakaruka. Mtu akafyatua bastola isiyo na risasi, mlio tu. Mbwa akalala chini palepale. Kwale wakaenda zao. Waamuzi wakaandika kwenye karatasi. Kisha watu wakafungua magari na kula mikate waliyokuja nayo.

Jumapili ile nilimsimulia kaka nyumbani kwake, kwenye chumba walichokodi katika ghorofa la Albert Park, shemeji akipiga pasi nguo za shule za binti zao wawili.

"Kwa hiyo hao ndege hawakuuawa?" kaka akauliza.

"Hapana."

"Walienda wapi?"

"Walirudi kwao."

"Na mbwa?"

"Akishinda anapewa kikombe."

Kaka alijipiga paja. "Mama watoto, umesikia? Mdogo wangu ni yaya wa mbwa waliosoma. Mbwa wana diploma! Kikombe iko, nyama haiko."

"Mwache," shemeji akasema bila kuinua macho. "Hao mbwa wanalala pazuri kuliko wewe."

"Mimi nalala na wewe."

"Ndiyo nasema."

Tulicheka sana. Kuanzia siku hiyo jina langu pale nyumbani likawa Yaya. Binti zake nao wakaniita Baba Mdogo Yaya, na sikuchukia.

Lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kingine, na nitakisema maana bila hicho sijasema kweli. Kazi ile ilinifundisha jambo ambalo kaka hakulijua. Mzee alizoea kunieleza akiwa anawapiga mbwa brashi. Alisema mbwa wa kuwinda anasamehewa mengi mradi nyama ifike nyumbani. Akirarua, akikimbilia mbali, akiamua mwenyewe, hakuna anayemdai. Wa mashindano hadaiwi nyama hata kidogo. Anadaiwa kujizuia. Mimi nikayapanga hivi kichwani: mbwa wa kwetu kazi yake ni kuingia, na huyu kazi yake ni kutoingia. Yule anakupunguzia umbali kati yako na mnyama. Huyu anaulinda umbali huo mpaka ufike wewe mwenyewe, na ukishafika, kilichobaki ni chako.

Nilijaribu kumwambia kaka hayo mara mbili tatu. Aligeuza mzaha. Mtu aliyekuvusha mipaka mitatu si rahisi umfundishe mambo ya mbwa.

Kati ya wale sita kulikuwa na jike mmoja mwenye jicho moja limezungukwa na doa. Alikuwa mwepesi kuliko wote, na mzee alimtegemea sana. Majira ya baridi ya 2011 alimharibia mara mbili. Mara ya kwanza alisimama vizuri kabisa, waamuzi wakasogea, mzee akapiga nyasi, akatoka paa mdogo badala ya ndege. Mara ya pili, paa tena. Katika mashindano yale mbwa anatakiwa kusimamia ndege tu. Akisimamia mnyama wa miguu minne ni aibu kwake na kwa mwenyewe. Mwamuzi akamwambia mzee amfunge kamba amtoe uwanjani. Mzee hakupandisha sauti. Njiani tukirudi alisema tabia hiyo ikishaingia haitoki, hawezi kumshindanisha, hawezi kumzalisha, na nafasi za mabanda ni sita. Angempigia daktari wa mifugo simu siku inayofuata amchome sindano ya kumuua.

Nikasema, "Bosi, kaka yangu ana yadi. Ana ulinzi. Alikuwa mwindaji kwetu."

Mimi ndiye niliyesema. Mzungu hakumpa mtu mbwa. Mimi ndiye niliyemwomba.

Kaka alimpokea kama mgeni wa heshima. Mwenye yadi alikubali, mbwa akalala ndani ya kibanda cha mlinzi. Sijawahi kumwona kaka na furaha ile tangu tuondoke kwetu. Alimfanyia njuga kwa mikono yake: alikata kipande cha bomba la shaba, akakibana upande mmoja, akaning'iniza nati ndani kwa waya. Akaifunga kwenye mkanda wa ngozi. Mbwa akitembea yadini ikalia kama vijiko ndani ya sufuria. Alimkatia vipande vya utumbo wa kuku, akamwita kwa mbinja ya kwetu badala ya filimbi ya mzungu. Baada ya muda yule jike akawa anamfuata mpaka mlango wa choo.

Alikuwepo mlinzi mwenzake pale yadini, Mzulu wa makamo, aliyekuwa na kundi lake la kuwinda. Mkulima mmoja wa miwa aliwaruhusu kuingia Jumamosi kuwaua nguruwe pori, maana wanalala mabondeni mchana na kutoka usiku kuvunja miwa. Kwa miezi kaka alikuwa akimwomba amchukue. Mwaka 2012, baridi ilipoanza, akakubali. Kaka akaniomba niende naye. Nilikuwa na Jumamosi huru, nami nilitaka kumwona akiwinda, yeye niliyemsikia tu akisimulia.

Tulipanda pikapu asubuhi, watu saba na mbwa kumi hivi. Mbwa wao walikuwa wa kila rangi, wenye makovu, wanaobweka kila gari tulilolipita. Yule jike wetu alikaa katikati ya miguu ya kaka na njuga yake imejaa majani makavu, anatetemeka.

"Bhuti," yule mlinzi akamwambia kaka, yaani ndugu kwa Kizulu, "umeleta mbwa au mbuzi? Hiyo kengele ya nini?"

"Utasikia," kaka akasema. "Leo utasikia kazi."

"Eish. Mbwa wa Morningside. Atataka chai saa nne."

Wote wakacheka, na kaka akacheka nao, lakini nilimjua. Alikuwa anauma meno. Nikamwinamia sikioni nikasema kwa Kirundi, "Kaka, huyu hafukuzi. Huyu anasimama."

"Njaa itamfundisha, Yaya," akasema. Alilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, halafu akawafasiria wale kwa Kizulu chake kibovu maana ya Yaya. Wakacheka zaidi.

Hayo ndiyo niliyosema: maneno matano, mara moja, kwa sauti ya chini. Sidai kwamba nilimwonya.

Tulifika mahali ambapo miwa inaishia na bonde linaanza. Bonde lilikuwa na vichaka vizito vya miiba, na chini kijito. Kundi la yule mlinzi likaingia na mbwa wao upande wa juu. Kaka akapewa upande wa chini, mahali ambapo hakuna aliyetegemea kitu. Nadhani walitaka asiwaharibie. Mimi nilibaki naye. Akapiga goti, akayatoa majani ndani ya njuga, akamshika mbwa kifuani kidogo, kisha akamwachia.

Yule jike alikimbia vizuri. Hata sasa nasema hivyo. Alikwenda akikata upepo kushoto na kulia kama kule bara kwenye mashindano, njuga inalia, na kaka anamfuata huku shingo imeinama upande, anasikiliza. Uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. Nilifikiri ndivyo alivyokuwa kijana, kabla ya yote. Mbali juu mbwa wa wenzetu walikuwa wanabweka.

Halafu njuga ikanyamaza.

Mimi nilikuwa nimepanda kwenye kichuguu nipate kuona. Kaka alikuwa chini, haoni kitu ila majani. Mimi niliona. Mbele ya kichaka kimoja kizito niliona mgongo mweupe na mkia. Mkia umenyooka, hautikisiki. Nilikuwa nimeuona mkia ule namna ile pengine mara mia. Kwa mbwa yule, kunyamaza kwa njuga hakukuwa na maana kwamba hakuna kitu. Kulikuwa na maana moja tu: kitu kiko hapa, mbele ya pua yangu, njoo.

Kaka aliteremsha mkuki. Akauweka begani kama mtu anayetoka shambani na jembe. Akapiga mbinja kidogo, akasema kwa upole, kama anavyosema na binti zake wakichelewa barabarani, "Umechoka? Umepotewa? Nakuja, mama, nakuja." Akaanza kuingia majanini kumchukua mbwa wake.

Nilikuwa na muda. Hilo ndilo ninalotaka kuandika, na mengine yote yanalisindikiza tu. Kutoka njuga iliponyamaza mpaka alipofika pale, mtu angeweza kusema kwa raha, Kaka, simama, iko kitu. Nilifungua mdomo. Kisha nikaufunga. Nilifikiri ni kwale. Pointa husimamia kwale. Nilifikiri kwale watamrukia usoni, atashtuka, ataanguka matako, nami nitamwambia, unaona sasa, mbwa aliyesoma. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu nilikuwa najua kitu ambacho yeye hakijui, na nilitaka kionekane. Kwamba mbwa huyuhuyu alifukuzwa mashindanoni kwa kusimamia wanyama wa miguu minne, na kwamba niliona hayo kwa macho yangu, hilo halikunijia kichwani. Lingenijia kama ningekuwa nafikiri juu ya mbwa. Nilikuwa nafikiri juu ya kicheko.

Alimpita mbwa ubavuni. Akanyoosha mkono ashike mkanda.

Nguruwe alitoka bila mlio wowote, chini sana, kama jiwe lililosukumwa. Lilikuwa dume. Lilimpiga kaka kwenye paja, likatikisa kichwa mara moja, likapita. Lilipita karibu na mbwa kiasi cha kumgusa. Na yule jike akafanya alivyofundishwa kufanya mnyama anapotimuliwa. Alilala chini, kidevu juu ya miguu ya mbele, akangoja kuitwa.

Nilifika nikiwa nakimbia. Chonge lilikuwa limepasua paja upande wa ndani, na damu ilikuwa inatoka kwa kusukumwa. Nilivua shati nikakandamiza. Nikakandamiza kwa mikono, kisha kwa goti. Nilipiga kelele wale wa juu wakaja. Yule mlinzi alipofika alitazama mguu, akamtazama mbwa aliyelala pale hatua tatu, msafi, hana hata mkwaruzo.

"Mbwa gani huyu?" akasema. "Mbwa gani analala?"

Alikuwa na rungu. Sikugeuka kutazama. Nilisikia mapigo matatu, na njuga ililia katika kila pigo, kisha haikulia. Mbwa hakukimbia. Alikuwa hajaruhusiwa kuinuka. Ningeweza kusema, mwache, hana kosa. Mikono yangu ilikuwa na kazi lakini mdomo haukuwa na kazi.

Tulimbeba kwenye blanketi mpaka kwenye pikapu. Alikuwa bado anaongea. Akasema ana baridi. Akauliza nguruwe amepatikana? Nikasema wanamfukuza. Halafu akaniuliza kwa Kirundi, "Ilinyamaza, siyo? Ulisikia ilinyamaza?"

Alitaka shahidi. Alikuwa anajiuliza kama masikio yake yalimdanganya.

"Ndiyo, kaka," nikasema. "Ilinyamaza."

Nikaishia hapo. Alifumba macho kama mtu aliyeridhika kwamba hakukosea. Hatukufika hospitali.

Kumrudisha kwetu hakukuwezekana. Tulimzika hapa, katika ardhi nyekundu ya makaburi ya pembeni mwa mji, watu wa kanisa wakiimba kwa lugha tatu. Siku za kilio chumba kilijaa mpaka ngazini. Wanawake walipika, wanaume walikaa kwenye mikeka, na kila aliyeingia aliuliza yalivyokuwa, na kila mara alikuwapo wa kujibu kabla yangu. Umbwa ilinyamaza. Ilimwona nguruwe ikanyamaza, haikulia hata kidogo. Ilimwita ndani, halafu ikalala. Mzungu alijua iko mbaya, ndiyo maana aliitoa bure. Wengine wakasema zaidi ya hapo, mambo ya giza, na mchungaji akawanyamazisha. Shemeji alikuwa amekaa kwenye godoro ukutani, na binti wawili mapajani. Alinitazama.

"Ni kweli ilinyamaza?"

"Ni kweli, shemeji."

Hilo lilikuwa jibu lilelile nililompa mume wake, na kila neno lake ni la kweli. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kusema uongo mkubwa kwa namna hiyo.

Wiki ya pili nilirudi kazini. Mzee alikuja mabandani, akavua kofia, akanipa pole. Kisha akauliza. Nilimweleza kama nilivyoeleza wengine, njuga ikanyamaza, akaenda kumchukua. Yeye hakutikisa kichwa kama wengine. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Alikuwa amesimama," akasema.

"Ndiyo, bosi."

"Kaka yako hakuweza kumwona."

"Hapana. Majani."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikamwambia kwenye kichuguu. Akaangalia mikono yake. Katika Durban nzima ni yeye peke yake aliyejua mbwa vya kutosha kuniuliza swali hilo, na alipopata jibu hakuuliza lingine. Aliinuka, akachukua mpira wa maji, akajaza mabakuli yote sita, hata la banda lililokuwa tupu. Siku zilizofuata hakulizungumza tena. Ila kuanzia hapo hakunieleza tena mambo ya mbwa wakati wa kupiga brashi.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa kwanza, mzee alinipa boksi la viatu, pea mbili nyeusi za wasichana, mpya. Aliniuliza namba za miguu yao kabla ya Krismasi nami sikujua kwa nini. Nikavipeleka. Shemeji alifungua boksi, akauliza vimetoka wapi, na nilipomwambia, akafunga boksi.

"Rudisha."

"Shemeji, watoto wanaenda na viatu vilivyopasuka."

"Wataenda na vilivyopasuka. Yule mtu aliniulia mume kwa mbwa wake, sasa anaosha mikono kwa viatu? Na wewe unaenda kumfanyia kazi kila siku. Unafua mablanketi ya mbwa zake. Sikuelewi. Kaka yako angekuwa wewe, angekaa pale hata siku moja?"

Binti mkubwa alikuwa mlangoni, amevaa viatu vya mwaka uliopita, kisigino kimekanyagwa kwa sababu mguu hauingii tena. Nilimwomba amchukue mdogo wake waende kwa jirani. Shemeji akachukua pasi, akaanza kupiga sketi iliyokuwa mezani. Wakati wa kazi ndipo anaposikiliza vizuri. Kaka alizoea kusema hivyo.

Nikamwambia. Nilianzia katikati, nikarudi nyuma, nikaeleza mkia, nikaeleza mashindano, kwale, waamuzi. Akasema, "Sijui mambo ya kwale. Sema."

Nikasema, "Mzungu hakutoa mbwa. Mimi nilimwomba. Na mbwa hakuwa mbaya. Aliponyamaza alikuwa anasema iko kitu. Kaka hakujua. Mimi nilijua. Nilimwona anaingia na nikanyamaza."

Pasi ikasimama.

"Kwa nini?"

"Nilifikiri ni ndege."

"Na kama ni ndege?"

"Atashtuka."

"Halafu?"

"Halafu ningecheka."

Alinitazama kwa muda. Alikuwa hana hasira usoni, ilikuwa kama anatafuta mahali pa kunishika hapaoni. Nilingoja aniambie nitoke. Nilikuwa nimekwisha kuchukua kofia yangu. Moshi mdogo ukaanza kutoka kwenye sketi, akainyanyua pasi, akaikagua. Alama ilibaki, ya rangi ya chai, upande wa nyuma. Akaikunja sketi ili alama iende ndani.

"Wale wadogo usiwaambie," akasema. "Nitawaambia mwenyewe. Siku nikitaka."

"Sawa, shemeji."

"Acha viatu."

Nikaliacha boksi mezani nikatoka.

Hii ni 2015. Bado nafanya kazi Morningside. Mzee amebaki na mbwa wawili, wazee kama yeye, hawaendi tena popote. Kila Jumapili baada ya ibada napita Albert Park. Shemeji ananipa chakula, ananiuliza habari za kazi, hajawahi kulitaja tena. Sijui kama amewaambia. Binti mkubwa sasa yuko sekondari, na yeye ndiye hunifungulia mlango. Nabisha, nasikia ndara zake zinakuja, kitasa kinageuka. Kabla hajasema shikamoo namtazama usoni.